Chapati Nyeupe ya Mzee Mansukh

Duka la Mzee Mansukh liko mjini Nyeri. Huuza sukari, viberiti, sufuria na maneno. Maneno ni ya bure. Ukinunua kiberiti, utaambiwa pia kama kumenyesha Kiganjo.

Lakini tangu mkewe Rupal afariki mwaka jana, hata maneno yalipungua dukani.

Rupal alikuwa mkulima. Nyuma ya nyumba alipanda kuttu, mbegu nyeusi zenye pembe tatu. Siku za mfungo wa Kihindu, familia yao haili ngano wala mahindi. Hula chapati za kuttu. Chapati za Rupal zilikuwa za kijivu, nzito, zenye uchungu kidogo.

"Hii ni chapati ama udongo wa Karatina?" Mzee alikuwa akimtania. Halafu anakula nne.

Sasa lilibaki debe moja tu la kuttu, mavuno ya mwisho ya mikono ya Rupal. Mzee alitamani chapati zile mpaka akaziota. Mfungo ulipokaribia, alichota nusu ya debe, akampelekea Kinyua wa poshomili.

"Mzee wangu, hizi ni mbegu ama risasi?" Kinyua akauliza.

"Ni chakula. Alipanda mke wangu. Nisagie vizuri."

"Ya Mama Manish? Basi hiyo nakufanyia gredi wani!"

Kinyua alimheshimu sana Rupal. Kwa hiyo akazikoboa mbegu mara mbili, kama mahindi ya ugali wa harusi. Unga ukatoka mweupe kama shati la kwaya. Pumba akawapa kuku wake.

Mzee akapika. Akauma chapati. Akatafuna. Akangoja. Rupal hakuwemo.

"Lakini ni laini, Baba," mwanawe Manish akasema. "Kama mkate."

"Hiyo ndiyo shida."

Akaukaanga unga uliobaki mpaka ukawa kahawia, ati ladha itoke. Ladha ikatoka kweli. Ilikuwa ladha ya moshi.

Kesho yake akaja Ngendo, afisa wa lishe wa kituo cha afya. Alitaka sukari, kilo mbili.

"Sista! Wewe unatuambia tupunguze sukari, halafu unabeba kilo mbili?"

"Ni ya mama mkwe. Huyo hanisikii." Ngendo akamtazama. "Mbona uso umekunjamana, Baba Manish?"

Mzee akamweleza yote, akamwonyesha mbegu zilizobaki. Ngendo akaimenya moja kwa ukucha.

"Angalia. Hili ganda jeusi ni gumu, hilo toa. Lakini chini yake kuna ngozi nyembamba. Huo uchungu unaoutafuta, mwingi uko hapo. Na hapo ndipo kuna vitu vingi vizuri, hata vya kusaidia mishipa ya damu. Kinyua ametoa ganda, akatoa na ngozi."

"Kumbe ni kuku wa Kinyua walikula chapati zangu!"

"Na ulipokaanga sana, moto ukaharibu hata kile kidogo kilichobaki. Unga kama huo usiuchome."

"Basi hii ni dawa ya presha?"

"Hapana, ni chakula kizuri. Tembe zako endelea kumeza. Sasa niambie, Mama alikuwa anafanya nini kabla ya kusaga?"

Mzee akafikiri. Kisha akageuka polepole, akatazama dirisha.

"Alikuwa anaziloweka. Halafu anazifunga kwa kitambaa, anatundika pale. Maji yanadondokea sukari yangu. Nilimgombeza miaka yote. Yeye anajibu tu, 'Wacha yadondoke.'"

"Alikuwa anazichipuza," Ngendo akasema. "Mbegu ikianza kuota, vile vitu vizuri huongezeka, na tumbo hupata kazi rahisi."

"Na mimi nilidhani anaziosha tu," Mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Alitenga konzi moja ya mbegu za kupanda. Zilizobaki aliziloweka. Akazifunga kwa kitambaa safi, akawa anazisuuza asubuhi na jioni. Zilipotoa machipukizi madogo meupe, akazianika juani zikakauka kabisa. Kisha akazirudisha poshomili.

"Gredi wani tena?" Kinyua akauliza.

"Kinyua, leo usinipende sana. Saga tu, usikoboe."

Nyumbani akachekecha unga, akatoa maganda meusi tu. Chapati zikatoka za kijivu, nzito. Mzee akauma. Ule uchungu ukamgusa ulimi.

"Hii ni chapati ama udongo wa Karatina?" akauliza.

Akapangusa macho, akala nne.

Mvua ilipokuja, alipanda ile konzi nyuma ya nyumba. Kuttu haikawii kukomaa. Haikupita miezi mingi, kitambaa kikarudi dirishani.

"Baba!" Manish akapiga kelele. "Maji yanaingia kwa sukari!"

Mzee Mansukh hakuinua hata kichwa.

"Wacha yadondoke," akasema.