Ufa Kwenye Fimbo ya Mkunga

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alimsaidia shangazi yake katika duka la zana za uvuvi. Alifagia, akapanga ndoana kwa ukubwa, kisha akapangusa fimbo za kuvulia zilizosimama ukutani. Kwa kawaida alifanya kazi huku akiongea bila kituo, na ndiyo maana alipewa jina la ndege asiyenyamaza. Jumamosi hiyo alikuwa kimya.

"Leo umemeza nini?" shangazi aliuliza.

"Kichwa kinaniuma kidogo, shangazi."

Hakikuwa kichwa. Alhamisi baada ya shule alipita dukani, na shangazi alipotoka kidogo, Chiriku alichukua fimbo ndefu nyeusi na kumwigizia rafiki yake jinsi ya kupigana na papa. Alisahau pangaboi lililokuwa likizunguka juu. Ta! Panga moja likaigonga fimbo karibu na kipete cha tatu cha kupitishia mshipi, na hapo pakabaki ufa mwembamba kama unywele. Rafiki yake alitoka mbio. Chiriku alichukua rangi nyeusi ya viatu, akausugua ufa mpaka ukapotea, akairudisha fimbo mahali pake.

Sasa mlango ulifunguliwa, akaingia mkunga wa zahanati ya mtaa, mwanamke mnene mwenye kofia pana.

"Mdogo wangu, nimechoka kuvua visamaki vya kukaanga," alisema. "Nataka fimbo ya kurusha chambo bandia. Leo sina zamu, namtaka kolekole mkubwa."

"Nilidhani mkunga anakwenda kumvua mkunga mwenzake," shangazi alitania.

"Mkunga samaki ana meno, namwachia bahari yake!"

Walicheka wote wawili. Chiriku alizidi kupangusa kioo cha kabati kilichokwisha takata.

"Utasimama wapi?" shangazi aliuliza.

"Kwenye miamba, nyuma ya kiwanda cha barafu."

Mkunga alitoa kwenye mkoba samaki wa mbao mwenye ndoana mbili za ncha tatu. Shangazi alimpima kiganjani, kisha akaleta fimbo fupi, lakini akabadili mawazo. "Hii ni ya kwenye boti. Ukiwa juu ya miamba, chambo kitaangukia miguuni pako." Akaleta nyingine, nene. Mkunga aliitikisa, isitikisike.

"Huu ni mchi wa kutwangia!"

"Nguvu inayo, ila haipindi. Fimbo isiyopinda hairushi mbali, na baada ya saa moja mabega yatakulilia. Jaribu hii."

Chiriku aliufumba mkono uliokuwa na kitambaa. Ilikuwa ile nyeusi.

Mkunga aliishika, akaipunga. Ncha ilipinda, ikarudi upesi. Uso wake ukang'aa. "Hii ndiyo yangu."

"Ngoja kwanza. Samaki mkubwa hutafuta udhaifu wa fimbo." Shangazi aliisogeza machoni, akakunja uso. "Miwani yangu iko kwa fundi. Chiriku, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Ipitie yote, utuambie kama ina dosari."

Chiriku aliipokea. Alipitisha kidole kwenye kipete cha kwanza, cha pili, cha tatu. Chini ya rangi aliuhisi ufa ukikwaruza kucha. Mkunga alikuwa akimtazama kwa tabasamu. Mikono ya mkunga huyo ndiyo iliyompokea siku alipozaliwa, na nusu ya wanafunzi wa darasa lake pia.

"Haina kitu, shangazi," alisema.

Mkunga alifunga rili yake, gurudumu la kuzungushia mshipi, kwenye fimbo, akapitisha mshipi kwenye vipete, akaaga na kwenda zake moja kwa moja baharini.

Chiriku alishika ufagio, akafagia mahali pamoja mara tatu. Kidole chake kilikuwa na doa jeusi. Alilifuta kwenye sketi, lakini likaenea tu.

"Shangazi," alisema. "Ile fimbo imepasuka. Mimi ndiye niliyeipasua, nikaupaka ufa rangi ya viatu."

Shangazi hakupiga kelele. Alinyakua kisu cha kukatia mshipi. "Ya kusema tutayasema baadaye. Sasa ni miguu!"

Walikimbia, wakapita kiwanda cha barafu, wakatokea kwenye miamba. Mkunga alikuwa tayari ameshika samaki! Fimbo ilikuwa imepinda kama upinde, rili ikilia, naye alikuwa ameegemea nyuma, uso wake karibu kabisa na fimbo.

"Usiinue!" Chiriku alipayuka. "Imepasuka! Ielekeze kwa samaki!"

Mkunga hakuelewa sababu, ila aliusikia woga ule. Akaishusha, ncha ikaelekea baharini. Papo hapo, pa! Fimbo ikakatika. Kipande cha mbele, chenye meno makali ya mpasuko, kiliteleza juu ya mshipi na kuzama majini badala ya kumrukia usoni. Shangazi alimfikia, akaukata mshipi. Samaki akaenda zake.

Mkunga aliketi juu ya mwamba. Alivitazama vidole vyake kimoja kimoja, kama anayevihesabu.

"Ni mimi," Chiriku alisema huku akilia. "Niliuona ufa, nikadanganya. Nisamehe, mama."

Mkunga aliweka chini kipande cha fimbo kilichobaki. "Nimekasirika," alisema hatimaye, "na nitaendelea kukasirika siku nzima. Lakini umekuja. Ungebaki dukani, ningekuwa zahanati sasa hivi, na si kwa ajili ya kuzalisha."

Shangazi alimwahidi mkunga fimbo nyingine nzima. Njiani kurudi alipunguza mwendo, akamshika Chiriku bega.

"Kuigonga fimbo ilikuwa ajali, na ajali humpata kila mtu. Lakini kuficha hakukuwa ajali. Ulichagua kuficha Alhamisi, ukachagua tena leo mbele yangu. Kosa lililosemwa hurekebishwa, mwanangu. Lililofichwa humngojea mtu asiye na hatia. Jioni utamweleza baba yako haya yote kwa mdomo wako."

"Nitaanzia wapi, shangazi?"

"Anzia na lile utakalotamani kuliruka."