Sura ya Bushira

"Mwizi ndiye huyu!"

Bushira alikuwa akikunja vitenge vyake katika soko la Arua mwanamke mmoja alipomkaba kwa ukosi wa gauni lake la manjano na kuwaonyesha watu simu. Picha ilikuwa yake kweli, na tabasamu lake. Lakini duka lile la mtandaoni, lililopokea pesa za watu na kutowapelekea kitu, hakulijua. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili likampasua nyusi. Alipoanguka, mateke yakafuata.

Kijana mrefu akajitupa juu yake. "Mutauwa mutu bure!" Fimbo zikavunjikia mgongoni mwake mpaka polisi walipofyatua risasi hewani.

Alikuwa Asuman, fundi cherehani wa Koboko, amekuja kununua nyuzi.

"Ulijuaje si mimi?" Bushira alimuuliza zahanatini, shati la kijana likiwa limeganda damu.

"Sikujua. Niliona tu unakufa."

Tangu siku hiyo simu za Asuman hazikukoma.

"Habibti, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Sauti yako iko na njaa."

Bushira alicheka mpaka mshono wa nyusi ukamuuma.

Kisha sheria ya kuwalinda wanunuzi ikaanza kubana: kila anayeuza mtandaoni athibitishe kwa kitambulisho kwamba yeye ndiye yeye. Bushira, aliyeuza vitenge vyake mtandaoni pia, alithibitisha duka lake upesi. Lile bandia nalo likathibitishwa, na polisi wakamwita kumtajia mwenye kitambulisho. Asuman wa Koboko.

Alimpigia palepale. "Kumbe ulinipigisha mawe, halafu ukajifanya kunikinga!"

"Bushira, wallahi mimi..."

Akakata. Asubuhi akapanda gari la Koboko, akamtemee mate mbele ya wateja wake.

Alikuta cherehani imepinduliwa. Asuman na mdogo wake Siraji walikuwa wakigaragazana vumbini, midomo ikivuja damu.

"Uliiba kitambulisho changu! Walitaka kumuua!"

"Mimi nilitoa picha kwa duka yake ya mtandao tu! Nilijua atakuwa mpenzi yako?"

Siraji akanyakua mkasi, akaudidimiza katika mkono wa kaka yake. Akauchomoa, akaulenga shingoni. Bushira hakufikiri. Alishika pasi ya makaa kwa mikono miwili, akaibamiza kwenye kiwiko cha Siraji. Mfupa ukalia. Makaa yakamwagika, yakamchoma Bushira miguu, naye hakusogea mpaka mkasi ulipoanguka.

Hospitalini, mama wa ndugu hao alikaa na Bushira kando ya kitanda cha Asuman, buibui lake limejaa vumbi la kituo cha polisi.

"Binti yangu, futa kesi. Siraji ni mtoto wangu."

"Mama, nisamehe. Walinipiga mawe. Kesho watampiga mwingine, na labda hatapata wa kumlalia juu. Siwezi."

Mama akamgeukia Asuman. "Mwambie."

Asuman akatikisa kichwa. "Mama, siwezi kumwambia hivyo."

Mama akainuka, akatoka bila kuaga. Asuman akageuza uso ukutani, akalia kama mtoto. Bushira alimngojea mpaka akamaliza.

"Nilikuja kukutemea mate," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa miguu inaniuma."

Asuman akacheka kwa shida, akamshika mkono. "Olewa nami, Bushira. Lakini mama hatakuja harusini."

"Basi tutamwendea sisi. Akitufungia mlango, tutarudi. Siku moja atachoka kutufungia."

Nje, mama alikuwa bado amesimama kwenye kibaraza, anashindwa kwenda.