Fairuz na Kifungu cha Tisa

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Fairuz hutoa jiko lake nje ya mlango, katika kichochoro cha mtaa wa Kuze. Hukaanga viazi karai. Wateja hula wamesimama, ukwaju ukiwachuruzika vidoleni. Kazi hiyo aliianza baada ya mumewe kuumia mgongo huko bandarini Mbaraki, akawa hawezi tena kubeba mizigo. Tangu hapo jiko hilo ndilo linalolisha nyumba.

Jumatatu moja alikuja msaidizi wa Mheshimiwa Zakariya, mjumbe wa wadi yao katika bunge la kaunti. Hakutoa hata salamu.

"Zima jiko," alisema. "Sheria imepita. Hakuna tena kupika vichochoroni."

"Imepita lini? Nani katuuliza sisi?"

"Muulize mheshimiwa."

Fairuz alijitupia buibui, akenda moja kwa moja ofisini kwa Zakariya. Mheshimiwa alimkaribisha kwa sauti ya upole.

"Dada yangu, nilipinga kwa nguvu zangu zote. Wenzangu wamenishinda kwa kura."

Fairuz alirudi kwake, akazima jiko. Siku nne alikaa ndani, kifua kikimwaka. Mumewe akimsemesha, alijibu kwa mkato. Siku ya tano alibisha hodi Mapenzi, mpangaji wa chumba cha juu. Mapenzi ni karani katika bunge la kaunti. Kazi yake ni kuandika yanayosemwa na wajumbe.

"Masalkheri, Bi Fairuz. Mbona jiko limezimwa?"

Fairuz alimweleza yote. Mapenzi alikunja uso.

"Kura gani hiyo? Mswada huo umesomwa mara ya kwanza tu. Bado si sheria."

"Kusomwa ndiyo nini?"

"Bunge lina kanuni lilizojitungia lenyewe. Zinaitwa Kanuni za Kudumu. Zinasema nani azungumze, lini, na kura ipigwe vipi. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, kinachosomwa ni jina lake. Hakuna mjadala. Hakuna kura."

Fairuz alisimama ghafla.

"Kwa hivyo kanidanganya! Kanitazama machoni, akanidanganya! Siku nne watoto wangu wanakula mkate mkavu kwa sheria ambayo haipo!"

"Alitaka mchoke mapema, msilete maneno."

"Kesho naenda huko bungeni. Nitamtukana mbele ya wenzake!"

"Utatolewa nje. Mgeni hukaa pembeni, na haruhusiwi kusema neno. Hiyo pia ni kanuni."

"Basi kanuni zenu ni za kutuziba midomo!"

"Nisikilize kwanza, dada. Mswada sasa uko kwenye kamati. Kamati lazima isikilize wananchi kabla bunge halijaujadili. Huko unaruhusiwa kusema. Hasira zako zipeleke huko, na ziandike pia kwenye karatasi. Kifungu kinachokuumiza ni cha tisa."

Kesho yake Fairuz aliwasha jiko lake. Jioni aliandika barua, na wapishi wenzake kumi na sita wakatia sahihi. Siku ya kikao cha kamati alisimama, barua mkononi.

"Kama mnaogopa moto, semeni moto," aliwaambia wajumbe. "Tuambieni tuweke ndoo ya mchanga. Tuambieni jiko lisizibe njia. Lakini mkituzima kabisa, mtatulisha nyinyi?"

Mjumbe mmoja, Mheshimiwa Everlyne, aliandika maneno hayo yote.

Baada ya wiki kadhaa, mswada ulisomwa mara ya pili. Wajumbe waliujadili, wakaukubali kwa jumla. Kisha wakaanza kuupitia kifungu kwa kifungu. Fairuz alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, midomo kaibana. Walipofika kifungu cha tisa, Everlyne alisimama. Alipendekeza marufuku iondolewe, na mahali pake yawekwe masharti ya mchanga na njia.

"Wanaokubali marekebisho waseme ndiyo," alisema mwenyekiti wa kikao.

"Ndiyo!"

"Wanaokataa waseme la."

"La!"

Sauti zilivuma pamoja. Fairuz alimkazia macho Zakariya, lakini hakujua alisema lipi.

"Nadhani walioshinda ni wa la," alisema mwenyekiti.

Fairuz alihisi damu ikimpanda kichwani. Hivi ndivyo wanavyojificha, aliwaza. Mmoja hujificha ndani ya sauti ya mwenzake.

Everlyne alisimama tena. "Mwenyekiti, naomba kura ya majina."

Wajumbe wengine walisimama kumuunga mkono, wakafikia idadi inayotakiwa na kanuni. Kengele ikalia. Walio nje wakaingia, milango ikafungwa. Karani akaanza kuita majina, moja baada ya jingine. Sasa kila mmoja alijibu peke yake.

"Mheshimiwa Zakariya."

Zakariya aliinamisha kichwa.

"La."

Fairuz alishika kiti kwa mikono miwili ili asipige ukelele. Lakini majina yalipokwisha, ndiyo ilikuwa imeshinda kwa kura tatu. Mswada ukasomwa mara ya tatu ukiwa na marekebisho hayo, ukapita, na gavana akautia sahihi.

Siku hizi kila jiko la kichochoroni lina ndoo ya mchanga, na watu wanapita bila kubanana. Taarifa za bunge ziko wazi kwa kila mwananchi. Fairuz aliiomba ile yenye majina na kura ya kila mjumbe, akaibandika mlangoni.

Alasiri moja Zakariya alipita, akitabasamu.

"Bi Fairuz! Si niliwaambia nitawapigania?"

Fairuz hakupandisha sauti. Alielekeza kijiko chake kwenye karatasi.

"Jina lako liko mstari wa nane. Lisome, na neno lililo mbele yake. Soma kwa sauti."

Waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Wote walimgeukia mheshimiwa, wakangoja asome.