Mapigo Mawili Chini ya Mkeka

Ilianza na harufu. Kocha Kisigino alifungua ukumbi wake wa mieleka asubuhi akakuta mkeka unanuka saruji na nywele zilizoungua. Mkeka wa mieleka hunuka jasho, hunuka soksi, ukizidi sana hunuka majigambo; lakini saruji, hapana. Akaupiga deki mara mbili. Harufu ikang'ang'ania pale pale kama mgeni asiyeaga.

Na Mgeni mwenyewe alikuwa na wiki sita kaburini.

Ndivyo walivyomwita, hata baada ya miaka kumi na moja ya kuishi nchini. Alikuja na begi moja na shingo mbili. Msibishe, shingo ile ingetosha watu wawili na chenji ikabaki. Alfajiri alibeba magunia ya unga kwenye kiwanda cha mikate, jioni akabwaga wanaume kama nguo chafu. Lugha hakuijua, basi Kocha akamfundisha neno la kwanza kwa kiganja: gonga mkeka mara mbili, maana yake nimeshindwa, niachie. Na aliyekushika akisikia, huachia papo hapo, hata kama umemwibia mke. Ndiyo sheria ya ukumbi. Mgeni aliielewa vizuri, ila kugonga hakugonga hata siku moja.

Mpaka magaidi walipolipua stesheni.

Adhuhuri ya siku hiyo ya harufu, mjane wa Mgeni akaja kuchukua viatu vya marehemu. Jua lilikuwa limejaa ukumbini. Chini ya mkeka kukagonga. Pu, pu.

"Shemeji, umesikia?" mjane alinong'ona.

"Panya hao."

"Panya gani anahesabu mpaka mbili?"

Pu, pu.

Mganga waliyemwita alikuwa bibi mfupi mwenye miwani. Alivua kandambili, akanusa, akakataa kuukanyaga mkeka.

"Mumeo amepumzika, mwanangu," alisema taratibu. "Hili ni jini la kifusi. Lilisikia mtu akigonga, likaokota mapigo yake. Sasa linamtafuta aliyeyasikia."

"Nani aliyasikia? Niliambiwa alikufa papo hapo!"

Kocha akatazama vidole vyake vya miguu.

"Alikuwa chini ya paa la stesheni, shemeji. Nilikuwa pale. Akagonga. Mbili, mbili. Askari wakasema rudini nyuma, kuna bomu la pili."

"Lilikuwepo?"

"Halikuwepo."

"Na wewe?"

"Nilirudi nyuma."

Mjane hakulia. Aliviweka vile viatu chini, kimoja kimoja.

"Funua mkeka," mganga akamwamuru Kocha. "Hukumvuta siku ile. Mvute leo, labda litaachia."

Kocha akafunua pembe, na ile harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na juu ya sakafu akaona alama ya kiganja kipana kama sinia, ina joto bado, akaweka kiganja chake juu yake huku akisema nisamehe ndugu yangu nisamehe, na sakafu ikafumba vidole.

Mganga alisoma, akapuliza, akafoka mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Jini lilikuwa limeokota kugonga tu. Kuachia halikufundishwa na mtu.

Mkono ukazama mpaka kiwiko. Kocha, aliyewafundisha wanaume mia kutogonga mapema, akagonga kwa mkono uliobaki. Mbili. Mbili.

"Shemeji! Nivute!"

Mjane akapiga hatua, akanyoosha mkono. Vumbi likadondoka kutoka darini.

"Rudi nyuma, mwanangu!" mganga alimvuta kwa gauni. "Paa linakuja!"

Mjane akatazama juu. Akamtazama Kocha. Akarudi nyuma.

Paa halikuanguka. Mkeka ulijilaza wenyewe juu ya Kocha, taratibu, kama mtu anayejifunika shuka, na walipoufunua walikuta saruji tupu, kavu, haina hata mchubuko.

Asubuhi ya pili mjane alikaa mezani peke yake, akamimina chai. Ikatikisika kikombeni. Chini ya meza, pole pole, kwa kiganja kilichokonda kuliko cha mumewe:

Pu, pu.