Vichupa Vitatu kwenye Pindo la Kanga

Ndugu zangu wa Kipokeni, na nyinyi wa vijiji vyote ambako boti haifiki mpaka maji yajae, nataka kuwaeleza habari ya nesi Sihaba. Wengine mmeisikia nusu, tena nusu yenyewe imetiwa chumvi. Mimi nitaisema yote, na mwenye kununa anune.

Zahanati yetu ilikuwa mahali pa amani. Asubuhi kina mama walikaa kwenye benchi la nje na watoto wao, wakisukana na kutaniana, na Sihaba akipita katikati yao na funguo za kabati kiunoni. Miaka kumi na moja alikuwa ndiye nesi peke yake. Mganga mfawidhi, Bwana Hemedy, alikuwa mtu wa mikutano, leo yuko Kibiti, kesho yuko Kibiti, kwa hiyo kusema kweli zahanati ilikuwa ya Sihaba. Alituzalisha, alituchoma sindano, alitugombeza, na tulimpenda.

Mumewe, Ridhiwani, alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake arobaini ilikuwa huko kwenye mikoko. Kila akirina asali, sega la kwanza lilikuwa la mkewe, halipiti kwa mtu mwingine. Alimletea pale pale zahanati, limefunikwa kwa sahani, na Sihaba alilila mbele yetu kwa maringo, kidogo kidogo, sisi tukimeza mate. Sega lile aliliona kuwa ndoa yake hasa. Ilikuwa hivyo mpaka alipokuja Mwamini.

Mwamini alikuwa binti kutoka Mtawanya, nesi mwenye miaka ishirini na minne, mpole, mwenye sauti ndogo. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya huduma za dharura, na alikuja na sanduku jekundu. Humo mlikuwa na dawa za mtu aliyebakiwa na dakika tu: aliyebanwa pumzi, mtoto wa degedege, mzazi anayemwaga damu. Ndani ya kifuniko ilibandikwa kadi inayosema dawa gani inaanza, kipimo gani, na baada ya dakika ngapi urudie.

Sanduku lile lilikuja na utaratibu wake. Kila Jumatatu watu wawili husimama mbele yake. Mmoja anasoma kadi, mwingine anagusa kila dawa, anaangalia tarehe na kujibu "ipo". Kisha wote wawili wanatia sahihi. Msomaji ni yule aliyepata mafunzo.

"Kwa hiyo wewe usome, mimi niitike," Sihaba alisema Jumatatu ya kwanza.

"Ndivyo walivyotuelekeza, dada. Ukienda na wewe kwenye mafunzo tutakuwa tunapokezana."

"Mimi nimechoma sindano wewe ukiwa bado unafungwa ubeleko."

"Najua, dada Sihaba. Adrenalini, vichupa vitatu."

"Vipo," Sihaba alijibu, na neno lile lilimuuma kama mwiba wa samaki.

Mnaonicheka hapo nyuma, ngojeni kwanza. Nani kati yenu hajawahi kuumia kuona mtoto wa juzi anapewa kiti chake? Maumivu si dhambi. Dhambi ni kuyapikia na kuyapakulia kila siku.

Wiki ya tatu aliletwa mjukuu wa dada yake Ridhiwani, amekakamaa kwa degedege, macho yamegeuka. Sihaba alikuwa anatafuta kitambaa na maji kama alivyozoea. Mwamini alimpima mtoto uzito, akasoma kadi kwa sauti, akampa dawa kwa kipimo chake, akamlaza ubavu. Mtoto akatulia. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema Mwamini, Mwamini. Waliosema ni sisi, na hakuna aliyekumbuka kumtaja Sihaba.

"Yule binti ana mkono mwepesi," Ridhiwani alisema wakati wa kula.

"Na wangu mzito?"

"Sijasema hivyo, mama watoto. Namsifu tu."

"Msifu. Nani amekukataza?"

Mwanamume yule hakuwa na baya moyoni, lakini hakuwa na macho pia. Alhamisi alirina asali, na sega la kwanza akalipeleka kwa Mwamini, shukrani kwa ajili ya mtoto. Kwa mkewe alileta la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Sihaba hakuligusa. Alikaa jikoni akiliangalia sega lile mpaka siafu wakalikuta. Roho ilimchoma, ikamchoma tena. Alimwona Mwamini akilamba vidole, akaona na mumewe anatabasamu, ingawa hakuwapo na hakuona chochote. Wivu ukishakaa hivyo hauhitaji ushahidi.

Jumapili zikaja habari kwamba Jumanne mkaguzi kutoka wilayani atakuja kukagua sanduku jekundu. Jumatatu wakasimama wawili, Mwamini akasoma, Sihaba akagusa, vyote vikawapo. Wakatia sahihi. Mwamini alipotoka kwenda kumpima mjamzito, Sihaba alifungua tena lile sanduku, akatoa vichupa vitatu vya adrenalini, dawa ya aliyebanwa pumzi, akavifunga kwenye pindo la kanga yake kama wanawake tunavyofunga vitu vyetu.

Nataka mwelewe alichokuwa anakitaka, maana hakutaka kuua. Alitaka mkaguzi afungue, akute pengo, amuulize Mwamini mbele za watu, na Mwamini akose jibu. Siku moja tu ya fedheha. Baadaye angevirudisha, na nani angejua? Alipofika nyumbani alivua kanga ile, akaikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku la nguo. Akafunga kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni.

Jumanne asubuhi boti ya mkaguzi haikutokea. Ilikuwa bandarini Nyamisati inasubiri maji, na huku kwetu kijito kilikuwa tope tupu. Sihaba alishinda anachungulia dirishani.

Saa tisa alasiri aliyetokea ni Swalehe, mwenzake Ridhiwani wa mikokoni. Alikuwa ametapakaa tope mpaka kiunoni, amembeba mtu mgongoni. Mtu yule alikuwa Ridhiwani.

"Nyuki," Swalehe alisema akihema. "Watano, sita hivi. Kila siku wanamuuma, hajawahi kuvimba hata shavu. Leo sijui kimempata nini."

Walimlaza kitandani. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho hayaonekani, vipele mwili mzima, na kila akivuta pumzi kifua kilipiga filimbi. Mwamini alimwinua miguu, akamwekea kinyago cha hewa, akalivuta sanduku.

"Adrenalini, nusu mililita, nyama ya paja, sasa hivi," alisema, mkono ukiwa tayari umeingia. Mkono ukatoka mtupu. Akautia tena. "Dada, havipo. Jana si tulivikagua wote?"

Hapa ndipo pa kunisikiliza. Sihaba alijua vilipo. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini Swalehe alikuwa amesimama pale, na kina mama watatu walikuwa mlangoni, na neno lile lingemvua nguo mbele yao wote. Akageukia kabati.

"Tumchome haidrokotisoni na piritoni," alisema. "Miaka yote waliovimba tunawatibu hivyo na wanapona."

"Hizo ni za baadaye, dada. Zinachelewa kufanya kazi. Kadi inasema adrenalini kwanza."

"Kadi, kadi. Huyu ni mume wangu, namjua."

Akachoma. Kisha akasimama kungoja. Alimwomba Mungu dawa ile ya zamani imtoshe mumewe ili siri yake ibaki sandukuni. Mwamini alipindua kila droo, akapekua kabati zima, akatafuta mpaka kwenye ndoo ya taka. Dakika zikaenda, tano, kumi. Filimbi ya kifuani ikapungua, na Sihaba akadhani ni nafuu.

"Si nafuu," Mwamini alisema. "Hewa haipiti tena."

Midomo ya Ridhiwani ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mkono wake ulipapasa kitandani ukitafuta kitu, ukaushika wa mkewe, kisha ukalegea.

"Zipo kwangu," Sihaba alisema.

"Nini zipo kwako?"

"Dawa. Nilizitoa mimi. Zimo kwenye sanduku langu la nguo."

Mwamini alichukua mfuko wa kupumulisha, akamwekea Ridhiwani mdomoni, akaanza kuubinya. "Kimbia, dada," alisema.

Sihaba alikimbia. Mama wa miaka arobaini na mitano, peku, kichwa wazi, alipita katikati ya kijiji na watu wakadhani amefiwa. Ufunguo ulikataa kufulini mara mbili. Alitupa nguo zote chini, akafungua pindo kwa meno. Aliporudi Mwamini alikuwa bado anabinya mfuko, jasho linamtiririka. Akamwachia Sihaba mfuko, akavunja kichupa, akavuta dawa, akachoma paja. Baada ya dakika tano akarudia, kama kadi inavyosema. Kisha akamtundikia maji ya mshipa.

Kifua cha Ridhiwani kilianza kupanda chenyewe. Jioni maji yalipojaa boti ya mkaguzi ikafika, na badala ya kukagua ikampakia mgonjwa kumpeleka Kibiti. Mkaguzi alipoelezwa, aliuliza adrenalini ilikuwa wapi mchana kutwa. Mwamini alimtazama Sihaba, kisha akamsogezea daftari.

"Andika mwenyewe, dada," alisema. "Mimi siwezi kukusemea."

Akaandika yote, akatia sahihi.

Ridhiwani alirudi baada ya wiki sita, mzima lakini si yule. Ubongo ulikaa muda mrefu bila hewa. Ulimi wake ni mzito, mkono wa kushoto hauna nguvu, na nyuki hatakiwi kuwasogelea tena maisha yake yote. Mizinga arobaini ameichukua Swalehe. Sihaba aliondolewa kazini miezi minane, na aliporudishwa, funguo alizikuta kiunoni mwa Mwamini. Sasa kila Jumatatu mdogo anasoma, mkubwa anagusa.

Siku ile aliyorudi mumewe, Sihaba alipiga magoti akamweleza kila kitu, kuanzia sega la asali. Ridhiwani alitafuta maneno, maana siku hizi hayamjii upesi.

"Ungenipenda mimi," alisema, neno moja moja, "kama ulivyomchukia yule binti, ningekuwa mzima."

Hakumwacha. Wanaishi pamoja mpaka leo, na ni yeye Sihaba anayemfunga vifungo vya shati.

Mafunzo

Wivu wa kazini tunauchekea, tunauona ni maneno ya kina mama na vijembe vya hapa na pale. Sihaba hakuwa mchawi. Alikuwa nesi mzuri aliyeumia, na sisi tulimwongezea, kwa kumsahau siku moja baada ya miaka kumi na moja. Tujifunze kumsifu mgeni bila kumtupa mwenyeji. Nanyi mliotangulia, mkubali kusomewa na wadogo zenu pale wanapojua zaidi, haitawapunguzia kimo.

Zaidi ya hayo, dawa ya dharura si ya nesi huyu wala yule, na kadi ile haikuandikwa kumkomesha mtu. Ukiihamisha dawa mahali pake kwa ajili ya kumkomoa mwenzako, hujui ni nani atakayeletwa mgongoni alasiri hiyo. Na kama umekwisha kukosa, sema upesi. Wizi wa Sihaba ungesahaulika. Kilichomlemaza mumewe ni dakika zile kumi alizosimama kimya kando ya kitanda, akilinda jina lake.