Shahidi Ana Haki ya Kukataa

Shu-yin alikutana na Po-hsun kwa kumchukulia kifungua kinywa chake. Asubuhi ya mvua, jijini Taichung, kibanda cha maziwa ya soya kimefurika watu. Shu-yin, ndani ya koti la mvua la manjano, akadaka mfuko usio wake.

"Dada, hizo chapati za mayai ni zangu."

"Zimeandikwa jina?"

"Zimeandikwa njaa."

Wakacheka. Tangu siku hiyo Po-hsun, dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la vipuri vya baiskeli, akawa anampigia simu kila mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Hebu fanya kazi, utagonga mtu!"

Siku moja kweli akagonga mtu. Mzee Tseng, mfagiaji wa ghala, alipondwa mguu, ukakatwa. Rekodi za simu zilionyesha kuwa dakika ile simu ya Po-hsun ilikuwa hewani na ya Shu-yin. Po-hsun aliwaambia polisi kwamba ilijipiga mfukoni. Haikujipiga. Shu-yin alikuwa akimsikia anavyocheka, mpaka kishindo kikamkatisha.

Wito wa mahakama wa kutoa ushahidi ulimfikia Shu-yin Jumatatu. Jumatano Po-hsun akampigia goti ngazini, shati jeupe limenyooshwa pasi, pete mkononi. Shu-yin alilia kwa furaha, akaomba siku mbili azungumze na mama yake. Kabla hazijaisha, dada yake, karani wa mawakili, akamuuliza, "Unajua kwamba mchumba wa mshtakiwa anaruhusiwa kukataa kutoa ushahidi?"

Shu-yin akampigia Po-hsun papo hapo. "Ulijua?"

"Wakili aliniambia."

"Kumbe pete ni ya kuniziba mdomo!"

"Shu-yin, nakupenda. Na jela naiogopa. Yote mawili ni kweli."

Shu-yin akakata simu. Wiki tatu hakupokea simu zake.

Siku ya kesi alivaa gauni jeusi. Mke wa Mzee Tseng alikaa mstari wa mbele, macho makavu.

"Shahidi," jaji akauliza, "una undugu au uchumba na mshtakiwa?"

Wakili wa utetezi akamkodolea macho. Po-hsun alikuwa ameinama, amekonda, kola inampwaya. Shu-yin alimtazama kwa hasira, na bado akatamani kumrekebisha ile kola.

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni mchumba wangu."

Po-hsun akainua uso.

"Basi una haki ya kukataa kujibu."

"Naijua, mheshimiwa. Sikatai."

Akala kiapo, akasema yote: mzaha, kicheko, kishindo. Wakili alipoinuka kumhoji, Po-hsun akamvuta joho.

"Mwache. Anasema kweli."

Mwezi uliofuata akahukumiwa miezi saba. Asubuhi ya kuripoti gerezani walipita kwanza kwa Mzee Tseng. Po-hsun akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu. Mzee akageuza uso. Wakatoka hapo, wakaenda ofisi ya kuandikisha ndoa.

"Una kinyongo nami bado?" Po-hsun akanong'ona.

"Ninacho. Kitaisha siku yake," Shu-yin akamsogezea kalamu. "Weka saini, mume wangu, tutachelewa."