Kikombe cha Kupimia Mchele

Jua lilikuwa linatua nyuma ya maghorofa Debra alipoingia katika duka la Mwau, muuza vyombo vya umeme katikati ya Nairobi. Alitaka jiko la kupikia wali, lisiloharibika.

"Ya kudumu," alisema. "Sio nanunua leo, kesho napeleka kwa fundi."

Mwau alilitupia jicho tumbo la mimba la Debra, lililokuwa limeanza kujitokeza. "Mama, watu huangalia taa na mabatani. Wewe shika sufuria ya ndani." Akamkabidhi. "Sikia uzito. Ile nyepesi inaunguza chini, juu inabaki mbichi. Hii itakuzika."

Debra alicheka. Alikuwa hajacheka kwa muda mrefu.

"Ndiyo ya mwisho," Mwau akaongeza. "Kikombe yake ya kupimia imepotea. Lakini si uko na ingine kwa nyumba?"

Alikuwa nacho.

Jiko la zamani, kule nyumbani kwao mtaa wa Satellite, lilikuwa la Jacklyne, marehemu mke wa kwanza wa mumewe, Lenox. Halikuwa limeharibika, na hilo ndilo lililomuuma Debra. Lenox aliliosha mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Anita, binti wa Lenox na Jacklyne, alikataa wali wowote ambao haukutoka humo. Picha ya marehemu ukutani mtu aweza kuizoea. Kulishwa naye kila jioni ni jambo jingine. Asubuhi hiyo Debra alikuwa amempa jiko hilo mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kikombe chake cha kupimia kilisalia ndani ya mfuko wa mchele.

Aliporudi alipima vikombe vinne, akatia maji, akabonyeza.

Klik.

Mvuke ulipopanda, jikoni kukanukia iliki.

Hakuwa ametia iliki; hiyo ilikuwa desturi ya Jacklyne.

Anita alitoka chumbani bila kuitwa. "Mama amepika," alisema, akaketi.

Hajawahi kuniita Mama, Debra aliwaza, na moyo wake ukajaa furaha. Akapakua sahani ya Lenox. Akapakua ya Anita. Kisha mwiko ukakwaruza chini...

Vikombe vinne. Sahani mbili.

Kesho yake alipima zaidi. Siku iliyofuata alijaza mpaka mfuniko ukainuka. Sahani mbili, wala punje haikubaki. Alikula mkate akiwa amesimama jikoni.

"Si uwe unapika mingi kidogo," Lenox alimwambia bila kuinua kichwa.

"Nimeshiba."

Angemwambia nini? Kwamba anamwonea wivu maiti?

Peres, mama yake Lenox, alifika kutoka Siaya kumjulia hali Debra. Aliingia jikoni kusaidia, akatia mkono katika mfuko wa mchele. Mkono ukasita.

"Nyathina," alimwita, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. "Hii kikombe ni ya nani?"

"Ni ya ile jiko ya zamani, Mama."

Peres aliufunga mlango. Sauti yake ikashuka.

"Kwetu bibi hapiki kwa moto ya mke mwenzake. Hata kama mwenzake amekufa. Anawashiwa yake."

"Lakini nilinunua mpya, Mama."

"Ulinunua jiko. Kupima bado anakupimia yeye." Akakitazama kikombe. "Na yeye anapimia watu wake."

Debra akarudi nyuma hatua moja. "Sasa nifanye nini?"

"Narudisha kwake, kwa kaburi. Wewe usipike mpaka nikupigie simu." Macho yake yalishuka hadi kwenye tumbo la Debra, yakatoka haraka. Alikifunga kikombe katika leso, akaondoka bila kunywa chai.

Jioni ilifika. Simu ilikuwa kimya. Lenox alirudi na njaa, Anita akaanza kulia. Debra alichukua kikombe cha chai, kikombe chake mwenyewe, akapima.

Klik.

Harufu ya iliki.

Sahani ya Lenox. Sahani ya Anita. Akachungulia ndani ya sufuria... Wali ulikuwa umebaki. Machozi yalimlenga. Hatimaye.

Akautoa. Ulikuwa kidogo sana, hata kisosi haukukijaza. Tena ulikuwa laini, umepondwapondwa, kama wa mtu asiye na meno.

Mwiko ukakwaruza chini.

Tumboni, kwa mara ya kwanza, kitu kikapiga teke.

Anita alishuka kitini, akaenda kabatini, akarudi na kijiko kidogo. Akakiweka kando ya kisosi, taratibu.

"Hiyo ni ya mtoto," alisema.

"Nani amekwambia?" Debra alinong'ona.

"Mama. Amesema atamlisha yeye."

Lenox aliendelea kula. Debra akabaki amesimama kando ya meza, sahani yake mkononi, tupu, safi. Simu ilikuwa bado kimya.